Doti Tatu

Mtaa mzima wa Ipuli ulimjua Wenceslaus Kapama kwa mdomo wake kabla ya kumjua kwa ufundi wake. Mtu hakupita mbele ya nyumba yake bila kutupiwa neno, na aliyetupiwa aliondoka akicheka, akitafuta jibu ambalo kwa kawaida alilipata akiwa ameshafika kwake. Kazi yake ilikuwa kuunganisha maboila katika karakana ya reli mjini Tabora. Aliifanya kwa miaka kumi na minane, mikono ikajaa makovu ya moto, na wenzake walipomsifu walianza na jambo moja: hakuna mtani aliyewahi kumshinda.

Kwa Mnyamwezi, Mzaramo ni mtani tangu enzi za misafara, wazee walipobeba pembe kutoka huku hadi pwani na kulala katika vijiji vya watu njiani. Mtani humwita mwenzake mtumwa, humtukania bibi yake, humvua kofia mbele ya umati, na anayetukanwa hana ruhusa ya kukasirika. Dawa yake ni kurudisha tusi zito zaidi. Siku Wenceslaus alipomzika mama yake, karani mmoja wa stesheni, Mzaramo aitwaye Abasi, alilala chali njiani mbele ya jeneza akasema maiti haipiti mpaka apewe jogoo. Waombolezaji walicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Wenceslaus alisema baadaye kwamba bila kicheko kile asingeweza kuushika udongo akautupa kaburini. Kwa hiyo utani kwake haukuwa mchezo. Aliushika kama wengine wanavyoshika sala.

Matusi yake aliyarithi. Babu yake alikuwa mpagazi, aliyefika pwani mara tatu na kurudi, na katika uzee wake alisimulia safari zile kila jioni mpaka wajukuu wakazijua kwa moyo: kambi, mito, Wazaramo wenye maneno matamu, mizigo iliyochubua mabega. Wenceslaus alikuwa na miaka kumi na mmoja babu alipofariki. Masimulizi yakabaki kwake, naye akayageuza kuwa silaha ya kutania.

Mwaka 1968 vichwa vya treni vya dizeli vilikuwa vinazidi kuchukua nafasi ya vile vya mvuke. Asubuhi moja orodha ikabandikwa kwenye mlango wa karakana: mafundi kumi na wawili wa boila watapunguzwa. Jina la Wenceslaus lilikuwa la nne. Alikuwa na watoto watano. Shamba la baba yake kule Puge kaka zake walikwisha kuligawana, kila mmoja na mipaka yake ya minyaa, na hapakuwa na pengo la mtu wa kuongeza.

Wiki hiyo hiyo ikaja habari kutoka Kigoma. Bandari ilikuwa inafufuliwa, na kulikuwa na winchi kubwa ya mvuke iliyolala miaka mingi. Kila kitu chake kilikuwa kimeshatengenezwa isipokuwa kichwa, kule juu kabisa mwishoni mwa mkono wake: kapi la kupitishia mnyororo limegandana na pini yake kwa kutu, na bamba linaloishika pini limepasuka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi meli ingefunga gati ikiwa na mitambo ambayo mabega ya watu hayawezi. Fundi ambaye angeiamsha winchi kabla ya siku hiyo angebaki huko kuwa fundi wa bandari, na angepewa nyumba.

Wenceslaus akajitokeza. Alipewa mwenzake mmoja, Modest, mtu wa Nzega, mpole, mfua chuma hodari.

Mkewe Tekla alimfungia nguo na karanga za njiani. "Baba Pelagia," alisema, "mdomo uuache hapa nikutunzie."

"Nitakula na nini?"

"Nasema kweli. Kule hawakujui."

"Watanijua."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," Tekla akasema, akakaza fundo.

*

Kigoma ilikuwa na mengi ya kusahau. Maili chache tu kutoka gatini iko Ujiji, ambako watu waliovushwa ziwa kutoka Manyema walihesabiwa kama mizigo kabla ya kusukumwa njiani kwenda Tabora, na wengine kutoka Tabora hadi pwani. Baadaye Mjerumani alileta reli, vita vikamleta Mbelgiji, Mbelgiji akamwachia Mwingereza, na kila aliyeondoka aliacha chuma chake kikiliwa na kutu. Miaka michache kabla ya safari ya Wenceslaus mitumbwi ilikuwa ikitua hapo imejaa watu waliokimbia risasi za Kongo.

Sasa mabohari yalipigwa chokaa. Reli za gatini zilinyooshwa. Ukutani, kwa herufi za kijani ndefu kama mtu, palikuwa pameandikwa UHURU NA KAZI. Nchi nzima wakati ule ilikuwa imejaa neno usawa. Azimio lilikuwa limesomwa mwaka uliotangulia, watu waliandamana kwa miguu kuliunga mkono, na hakuna aliyesimama mkutanoni bila kuwaita wenzake ndugu. Ilikuwa haki kufanya hivyo. Lakini tulipiga chokaa kuta upesi kuliko tulivyopekua tuliyoyabeba vinywani, na Wenceslaus alishuka kwenye treni Jumatatu asubuhi akiwa na mzigo wake wote.

Meneja wa bandari, Ndugu Sylvester, kijana aliyetoka masomoni karibuni, aliwapokea gatini. Kando yao makuli walikuwa wakishusha magunia ya chumvi.

"Winchi ndogo inafanya kazi," Sylvester alisema. "Hiyo ndiyo itakayokuinua kwa kiti mpaka kwenye kichwa cha ile kubwa. Utafanya kazi juu ya maji. Na huyu ndiye atakayekushikilia. Shomari, dereva wa winchi. Tumeletewa kutoka Dar es Salaam."

Shomari alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini na mitano hivi, kofia nyeupe ya kufuma kichwani, ovaroli safi. Akampa mkono. "Karibu, fundi. Poleni na safari."

Matamshi yale ya pwani yalimfurahisha Wenceslaus kama anayekutana na jirani ugenini. "Kwenu ni wapi, bwana?"

"Nimekulia Kisarawe."

Hakuuliza zaidi. Kisarawe ni Uzaramo, na mbele ya Mzaramo alijua la kufanya. Akapaza sauti, kwa sababu utani usiosikiwa na watu hauna maana, na makuli walikuwa wengi.

"Kumbe mtumwa wangu umekimbilia huku," alisema. "Nimekutafuta sana. Bibi yako babu yangu alimnunua kwa doti mbili za kaniki. Alipomfikisha Tabora akataka kumrudisha dukani, maana miguu yake ilikuwa mibovu."

Akangoja kipigo, tabasamu tayari. Abasi angeshasema kwamba zile doti mbili zilikuwa za sanda ya babu. Nyuma ya Shomari kuli mmoja alitua gunia lake chini taratibu, kisha mwingine, kisha wote.

"Aliyekusimulia amekosea kidogo," Shomari akasema mwishowe. Sauti yake haikupanda. "Zilikuwa doti tatu. Na miguu ilikuwa mibovu kweli. Mnyororo ulikula kifundo mpaka mfupa ukaonekana."

Akageuka, akapanda winchi yake.

Mnyapara wa makuli, mzee Mabruki wa Ujiji, alikuja akasimama karibu na Wenceslaus kiasi cha kunusana. "Shikamoo, mzee," Wenceslaus akasema. Mabruki hakuitikia.

"Wewe ni mgeni, fundi, kwa hiyo nitakwambia mara moja tu. Hapa utani huo haupo. Katika sisi wote unaotuona hakuna mwenye hakika kwamba hautampata."

*

Walipewa chumba nyuma ya bohari. Modest alikaa kwenye kitanda chake cha kamba, akavua viatu, akasema kilichomkaa moyoni tangu asubuhi.

"Kamwombe radhi."

"Utani hauombewi radhi. Ukiuombea radhi umesema kwamba lilikuwa tusi."

"Kwani lilikuwa nini?"

"Yeye ni Mzaramo, Modest. Angejibu tu."

"Amekwambia ni Mzaramo?"

Wenceslaus akakumbuka. Amekulia Kisarawe, ndivyo Shomari alivyosema, na mtu anaweza kukulia mahali pasipo asili yake.

"Kesho unapanda," Modest akasema. "Breki ni yake. Mimi ningekuwa wewe nisingelala."

Jumanne walianza. Kiti kilikuwa ubao mmoja wenye minyororo minne, na mkanda wa ngozi wa kujifungia kiunoni. Ishara zilikuwa tatu: kiganja juu, pandisha; ngumi, simama; kiganja chini, shusha. Wenceslaus alijifunga mwenyewe, akaukagua mkanda mara mbili, akainua kiganja.

Winchi ndogo ikakoroma. Ardhi ikamwacha miguu. Alipanda polepole, wima, bila kuyumba, kwa utulivu ambao hakuwahi kuuona kwa dereva yeyote wa Tabora, na utulivu ule ndio uliomtoa jasho. Mtu mwenye hasira hutingisha. Huyu hakutingisha kitu. Mkono wa winchi ulimpeleka juu ya maji, futi hamsini kwa kukisia, akapiga ngumi hewani, kiti kikasimama pale pale alipokitaka.

Alifanya kazi mpaka adhuhuri. Alimwaga mafuta kwenye pini, akaigonga, akaisikiliza, akaigonga tena. Kila alipoinama kuangalia chini aliona kofia ile nyeupe na mkono uliotulia juu ya breki. Kengele ya chakula ilipolia alikuwa na njaa, kiu, na mgongo unaomuuma. Akateremsha kiganja.

Kiti hakikusogea.

Akafikiri hakuonekana, akarudia, mara hii kwa mkono wote. Kofia nyeupe ilikuwa imeinuka. Shomari alikuwa anamtazama. Makuli walioketi kivulini na sahani zao walikuwa wanamtazama pia, hakuna aliyekula. Modest alisimama kwenye ukingo wa gati, uso juu, mikono imeachana na mwili.

Wenceslaus alishika minyororo. Jua lilikuwa utosini. Chini ya viatu vyake maji yalikuwa ya kijani kilichoiva, hayana mwisho. Alifikiria kupiga kelele, akaona kwamba kelele zingemfanya mnyama anayechekwa. Alifikiria kuudaka mkono wa winchi kubwa na kutambaa juu yake, akapima kutu iliyokuwa imeubabua, akaacha. Ubao ulianza kumkata mapajani. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja mtu mwingine aamue. Alijaribu kumlaani Shomari na laana haikutoka, kwa sababu kila alipotafuta neno alilipata lile lile la jana.

Ilikuwa kama dakika ishirini. Kisha winchi ikakoroma, na kiti kikashuka kwa utulivu ule ule. Alipogusa gati alifungua mkanda. Akamshika Modest begani.

Shomari alikuwa ameshuka, anafuta mikono kwa tambara. "Una kiu?"

"Ndiyo."

"Sikutaka kukuangusha. Nilitaka ujue kungoja mkono wa mtu."

Kabla Wenceslaus hajajibu, Ndugu Sylvester alikuwa anakuja kwa hatua ndefu kutoka ofisini. Dirisha lake lilielekea gatini.

"Nani amemwacha fundi juu wakati wa chakula?" Alimtazama Shomari. "Ni wewe? Kama ni wewe sema, maana leo leo utapanda treni. Sichezi na maisha ya watu hapa."

Shomari alikunja tambara lake. Hakukana.

Modest alivuta pumzi ya kusema, na Wenceslaus akamkaza bega. Aliliona jambo lote limelala mbele yake, rahisi. Neno moja tu. Shomari angeondoka, dereva mwingine angeletwa, mtu wa kawaida asiye na bibi, na yeye angemaliza kazi kwa amani, apate nyumba yake. Tekla angepanda treni na watoto. Kila mtu pale gatini alikuwa ameona, na hakuna aliyeweza kusema kwamba fundi amesema uongo.

"Mimi nilimwomba," Wenceslaus akasema. "Pini ilikuwa imeanza kulegea. Sikutaka kuiacha ikashika tena."

"Imelegea?"

"Bado."

Sylvester alimkazia macho. Hakuamini, na hakuwa na ushahidi. "Basi nusu siku imekwisha na pini bado iko pale pale. Nikwambie wazi: Jumamosi winchi hii isipoinua, barua ya kukurudisha Tabora nitaiandika mwenyewe. Na unajua Tabora kuna nini."

"Najua," Wenceslaus akasema.

*

Saa kumi na moja jioni makuli walikwenda zao. Wenceslaus alimwambia Modest atangulie, akaenda mpaka kwenye winchi ndogo, ambako Shomari alikuwa anatoa majivu katika tanuri.

"Kwa nini ulidanganya?" Shomari aliuliza bila kuinuka.

"Ukweli ungeanzia kwenye maneno yangu."

Shomari akaendelea kukwangua majivu. Baada ya muda akasema, kana kwamba anaendeleza mazungumzo yaliyokwisha kuanza, "Bibi yangu alichukuliwa huko ng'ambo, Manyema. Alikuwa msichana. Hapa Ujiji walimpanga na wengine. Tabora Mwarabu mmoja akatoa doti tatu. Alipofika pwani akatoroka, akaingia Uzaramo, wakampokea. Wema sana. Walimpa shamba, wakampa mume, wakatupatia mtaa. Ila utani hawakutupatia. Watani wakija kwenye misiba, wanatukana nyumba zote, wakifika kwetu wanasalimia kwa adabu na kupita. Unaelewa? Kwetu neno mtumwa halikuwa tusi. Lilikuwa habari."

Wenceslaus alikaa juu ya gogo la kufungia meli.

"Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akitania," Shomari akasema. "Nikikataa kula ananiambia, mimi thamani yangu doti tatu nakula muhogo, wewe uliyezaliwa bure unachagua. Yeye tu. Nilipopata nafasi ya kuja huku niliiomba mwenyewe. Nilitaka kuona mahali alipoanzia. Na mtu wa kwanza kunitajia habari zake ukawa wewe."

Wenceslaus alikuwa na jambo alilolibeba tangu pale juu, na alijua kwamba akilisema hataweza kulirudisha. Mtu aliyeishi kwa maneno alijikuta anayachagua moja moja.

"Yale ya miguu sikuyatunga," alisema.

Mkwaruzo wa majivu ukasimama.

"Babu alikuwa akiyasimulia. Walikuwa wanarudi kutoka Ujiji na pembe, na nyuma ya pembe wakaja wenye minyororo. Kulikuwa na mwanamke mwenye miguu mibovu. Babu alikuwa anatuigizia anavyotembea. Tulicheka sana. Nimeisema hiyo kwa watani miaka yote, nikabadilisha bei tu, na sikukumbuka hata mara moja kwamba ilikuwa ya mtu."

"Kwa hiyo babu yako hakununua."

"Hakununua. Alikuwa anatembea mbele yao na mzigo begani, anapokea ujira. Basi."

"Na huyo mwanamke?"

"Aliachwa Malagarasi. Kabla ya kuvuka."

Shomari alisimama. Alisema polepole, "Basi si yeye. Wangu alifika."

"Si yeye."

"Kwa hiyo walikuwa zaidi ya mmoja."

Shomari akamgeukia Wenceslaus.

"Babu yako alimtaja jina?"

"Hapana. Na sisi hakuna aliyeuliza."

Shomari alitupa majivu ziwani, akarudisha koleo mahali pake. "Uliyosema jana uliyasema mbele ya watu," alisema, akaondoka.

*

Jumatano asubuhi, kabla ya filimbi ya kazi, Wenceslaus alikwenda kusimama mbele ya makuli waliokuwa wanajipanga. Alivua kofia. Mabruki aliinua mkono, minong'ono ikakatika.

"Juzi nilimwambia Ndugu Shomari maneno," alisema. "Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Naomba radhi."

Mtu mmoja wa nyuma akacheka kidogo. "Mnyamwezi ameishiwa, jamani. Hana hata moja la kuongeza."

"Unaomba radhi kwa nani?" Mabruki akauliza.

"Kwa Shomari."

"Ulimtukana Shomari?"

Wenceslaus aliigeuza kofia yake mkononi. Uso wake ulikuwa wa moto kama wa mtoto aliyesimamishwa ubaoni. "Hapana. Nilimtukana bibi yake. Naomba radhi kwa bibi yake, na kwa yule mwingine ambaye sijui jina lake."

Makuli hawakujua huyo mwingine ni nani, na wengi waliinamisha vichwa kana kwamba wanamjua. Mabruki akasema, "Marahaba," akiitikia salamu ya siku mbili zilizopita, akapiga filimbi.

Shomari alikuwa ameketi kwenye winchi yake tangu mwanzo. Hakushuka, hakutikisa kichwa. Wenceslaus alijifunga kwenye kiti bila kujua kama amesamehewa, akainua kiganja, akapandishwa.

Pini ilitoka Alhamisi mchana. Alipoisikia inaachia alipiga yowe moja fupi ambalo hakulikusudia, na pale chini makuli walijibu kwa kugonga makoleo. Ijumaa Modest alimaliza kufua bamba jipya, likapandishwa kwa kamba, na Wenceslaus akalifunga kwa bolti kumi na sita mpaka jua lilipoanza kuinama. Siku zote hizo tatu Shomari hakumwambia neno lisilo la kazi. Alipoona kiganja chini, alishusha. Hiyo tu. Wenceslaus aliteremka kila mara ameishika minyororo kwa mikono miwili, kwa sababu mtu akishikwa vizuri na asiyemsemesha hawezi kujua anashikwa kwa nini.

Jumamosi meli ilifunga gati. Winchi kubwa iliwashiwa moto alfajiri, na ilipofika saa tatu mvuke ulikuwa umetosha. Shomari alihamia kwenye kiti cha winchi ile. Mzigo wa kwanza ulikuwa sanduku la chuma ambalo watu arobaini wasingelisogeza. Mnyororo ukakaza. Kapi lililia mara moja, sauti nyembamba iliyomfanya Wenceslaus ayafumbe macho, kisha likazunguka. Sanduku likaachana na meli, likaelea, likatuliwa gatini bila kuvunja hata jiwe.

Ndugu Sylvester alishusha pumzi, akatoa karatasi mfukoni. "Kazi nimeiona," alisema. "Lakini fundi na dereva watakuwa hapa pamoja miaka. Sitaki watu wawili wasioweza kukaa kwenye winchi moja. Shomari, nakuuliza wewe. Abaki au aende?"

Wenceslaus alitazama viatu vyake. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema hakutamani kuwa na neno.

"Bamba lake limekaa," Shomari akasema kutoka juu. "Mikono yake naiamini. Kufanya naye kazi nitafanya." Akamtazama Wenceslaus. "Kutaniana naye, hapana. Sitaki hata kidogo. Anayekubali hilo abaki."

"Nakubali," Wenceslaus akasema.

Sylvester aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, akatia sahihi.

*

Adhuhuri Wenceslaus alikwenda posta kumpelekea Tekla telegramu. Foleni ilikuwa fupi. Nyuma ya wavu alikaa karani mnene mwenye miwani, akimpigia mteja porojo kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, na mwili wa Wenceslaus ulifanya kama ulivyozoea: kifua kilijaa, neno likapanda mpaka kwenye ulimi. Akalizuia hapo.

"Ndugu," alisema zamu yake ilipofika, "kwenu hasa ni wapi?"

Karani alimwangalia juu ya miwani, akasikia lafudhi, uso wote ukafunguka.

"Mnyamwezi," alisema kwa furaha. "Kwetu ni Uzaramo, baba na mama, mpaka mizizi ya muhogo. Basi mtumwa wangu, andika upesi. Babu yako nilimwacha hapo nje na mzigo, nimtume wapi?"

Watu wa foleni walicheka. Karani akangoja jibu lake, kidevu juu, kama anavyongoja mtu anayejua mchezo. Wenceslaus alishika kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi. Alimwona babu yake hapo nje kweli, mzigo begani, hageuki nyuma.

"Vipi, mtani?" Karani alipunguza sauti. "Umefiwa?"

"Hapana," Wenceslaus akasema. "Nimepata kazi."

Akainama, akaandika alichodhani ni maneno mawili: *Njoo na watoto.* Kisha akayahesabu, kwa kuwa telegramu hulipiwa kwa neno, akaona ni matatu, akayaacha yote.